Pedali ya besi: ipi inafika kwa mama wa maandazi?

Nyie wa Sinza na Kijitonyama mmezoea. Ukiingia ukumbini besi inakupiga kifuani kabla hujapata hata kiti. Spika zimepangwa mpaka juu, fundi mitambo amekaa na mikisa yake kama rubani, na mpiga besi anajifanya hana habari na mtu, anatafuna Big G tu. Huku kwetu Hanang na Mbulu mambo ni mengine kabisa. Harusi ipo uwanjani, chini ya turubai. Spika ni mbili za inchi 12, na juu ya mti zimefungwa honi za chuma ili hata aliyeko kwenye shamba la ngano ajue kuwa bibi harusi ameshafika. Umeme ukiwepo unashukuru Mungu, usipokuwepo jenereta inaunguruma nyuma ya jiko la wapishi. Katika hali hiyo mpiga besi ni mtu wa kuonewa huruma. Vidole vinatembea, jasho linatoka, lakini kinachosikika ni kinanda na mwimbaji.

Mtu huyo ndiye mimi. Napiga besi kwenye kikundi kinachozunguka Katesh, Endasak na Bassotu, na tukipata gari la maana tunafika mpaka Haydom, Dongobesh na Mbulu mjini. Jumapili kwaya, Jumamosi harusi. Mwaka jana, baada ya mavuno, kiongozi wetu akaniita pembeni. Ni mtu ninayemheshimu kama kaka wa tumbo moja, kwa hiyo nilipoona anaangalia chini badala ya kuniangalia mimi, nikajua hapa pana jambo.

"Mdogo wangu," akasema, "besi haisikiki. Mkono wa kushoto wa kinanda unaifanya kazi hiyo hiyo. Sasa tukigawana mshiko, wewe tunakupa kwa kazi gani?"

Ebo! Yaani miaka sita ya kubeba gitaa juu ya pikipiki, halafu nashindwa na mkono mmoja wa mtu, tena wa kushoto. Akanipa msimu mmoja wa harusi. Baada ya hapo gitaa, ambalo ni mali ya kikundi, lingeuzwa na pesa ikaongezwe kwenye spika. Sikubishana naye, maana katika jambo moja alikuwa na haki: watu hawasikii.

Hapa naomba msomaji univumilie kidogo, nikupe darasa la dakika mbili. Uzi mnene kuliko yote kwenye gitaa la besi, ule wa mi, ukiupiga wazi unatikisika mara 41 kwa sekunde. Sauti nzito namna hiyo inataka spika kubwa na umeme wa kutosha. Honi ya chuma haiwezi kabisa, na spika ndogo ikijaribu inaishia kukohoa. Lakini uzi hautoi sauti moja peke yake. Hiyo ya 41 inakuja na wadogo zake: 82, 123, 164 na kuendelea. Sikio likiwapata hao wadogo, ubongo unamtengeneza kaka yao mkubwa wenyewe, hata kama spika haikumtoa. Ndiyo maana baba zetu waliweza kuimba kwa mdomo laini za besi za DDC Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa 1978, wakati walikuwa wakiisikiliza kwenye redio ndogo ya betri iliyoning'inizwa kwenye mti. Redio ile haikuwa na ubavu wa kutoa mtikisiko wa 41 hata ungeipiga kofi. Walichokuwa wanasikia ni wadogo zake.

Kwa hiyo nilichotafuta si pedali ya kuongeza uzito. Uzito tunao, unaishia kwenye koni ya spika. Nilitaka pedali ya kuwapa sauti hao wadogo.

Nikaanza kuazima. Mbili zilitoka kwa mwanamuziki wa Arusha anayepiga hotelini, zikaja kwa basi zimefungwa ndani ya khanga. Nyingine mbili nilizipata Babati kwa jamaa aliyeacha muziki akaingia kwenye biashara ya vitunguu. Ya tano tulikuwa nayo wenyewe. Jioni moja tukapanga vyombo kwenye uwanja wa shule hapa Katesh, mlima Hanang nyuma yetu na wingu lake kichwani kama kofia. (Kwa taarifa yako, mlima huo una zaidi ya mita 3,400, na baridi yake vidole vya mpiga besi vinaijua vizuri.) Kwa upande wa geti, hatua 80 kutoka kwenye spika, anakaa mama anayeuza maandazi. Nikaona huyo ndiye hakimu. Hajui pedali, hana upendeleo, na mafuta yake yanachemka kwa kelele kama watu wa harusini.

"Mama, ukiisikia besi, inua mwiko."

"Besi ndiyo ipi, mwanangu?"

"Ile inayokufanya utikise bega bila kupenda."

"Haya, tuone."

Bila pedali, mwiko haukuinuka. Nilipiga wimbo mzima, yeye anageuza maandazi tu.

Ya kwanza ikawa korasi, Boss CEB-3. Msidhani ni korasi ya kuimba. Pedali hii inachukua sauti yako, inatengeneza nakala, inaichelewesha kidogo sana na kuiyumbisha, kisha inaziunganisha. Unasikia kama wapiga besi wawili wanaopendana. Hii ya besi ina kifundo cha kuzuia sauti za chini zisiyumbishwe, jambo la busara. Ukikaa karibu na spika ni tamu, si mchezo. Kwa nyimbo za taratibu za Jumapili, ndani ya kanisa lenye ukuta na dari, naipa alama zote. Lakini uwanjani upepo nao unayumbisha, honi nazo zinayumbisha, ukiongeza pedali ya kuyumbisha unapata uji. Mama akainua mwiko nusu, akaushusha. Baadaye akasema alidhani ni gari linapita barabara ya Singida.

Ya pili, Boss OC-2. Hii ilianza kutengenezwa 1982, na wapiga besi wengi wanaiabudu mpaka leo. Kazi yake ni kuongeza sauti moja na mbili chini ya ile unayopiga. Sasa fikiria mwenyewe: mi ya 41 inateremshwa mpaka karibu 20. Nani atakutolea hiyo? Spika za harusi zetu? Tena kwenye nyuzi za chini inachanganyikiwa, inatetemeka kama mtu anayetafuta swichi gizani, na ukipiga nyuzi mbili kwa pamoja ndiyo inazidi. Raha yake ni ukipanda juu ya shingo ya gitaa, unapiga noti nyembamba na yenyewe inazijaza. Hapo inatoka sauti ya sintesaiza, na nyimbo za Bongo Fleva za maharusi zinakaa vizuri kuliko kwenye kinanda. Mama aliinua mwiko mara mbili, zote nilipokuwa juu. Naitaka pedali hii, siku nikiwa tajiri.

Ya tatu ndiyo ile ya wawawa, inayobana na kuachia sauti kadiri unavyopiga kwa nguvu. Babu wa pedali hizo ni Mu-Tron III ya 1972, na Bootsy Collins wa Marekani alijipatia jina nayo. Hii niliyoazima ni mjukuu asiye na jina. Watoto waliokuwa wanaangalia walizimia kwa kicheko. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na ng'ombe wake watatu akasimama, akaangalia mguu wangu, akaangalia spika.

"Kijana, huo mtego wa panya ndio unaolia kama chura?"

"Ndiyo, mzee, shikamoo."

"Marahaba. Mfungulie, anateseka."

Mwiko uliinuka, siwezi kukataa. Inasikika sana. Ila mimi kwenye kwaya sitathubutu kuikanyaga, labda siku wakiimba juu ya mapigo ya Misri.

Ya nne ni kompresa, Boss LMB-3. Hapa Katesh ukisema kompresa mtu anakuelekeza kwa fundi wa pancha, lakini hii haijazi upepo. Inashusha noti zilizopigwa kwa nguvu mno ili zisiziache mbali zile dhaifu, halafu unaweza kupandisha zote kwa pamoja. Ukiiwasha hushtuki. Wenzangu waliniuliza kama imewaka kweli. Ila ukisikiliza kwa makini, kila noti imesimama mstari mmoja, kama wanafunzi paredi. Ina pia kifundo cha kuongeza ung'avu kwenye sauti ya juu ya uzi, hapo mguso wa kidole unaanza kujitokeza. Fundi mitambo aliipenda kuliko sisi wote, kwa sababu zake: spika hazikukohoa tena, kwa hiyo akathubutu kuongeza sauti. Mwiko ukainuka na kubaki juu kwa ubeti mzima.

Ya tano, ovadraivu. Watu wakisikia neno hilo wanafikiria vijana wenye nywele ndefu wanaovunja magitaa. Mimi nazungumzia ovadraivu kidogo tu, kama chumvi kwenye loshoro. Inachofanya ni kuibana sauti mpaka inakwaruza, na katika kukwaruza huko ndipo wale wadogo wa 82 na 123 wanapozaliwa kwa wingi. Cha muhimu ni kifundo cha kuchanganya: sehemu kubwa sauti safi, sehemu ndogo mkwaruzo. Boss ODB-3 inacho kifundo hicho, na zipo nyingine nyingi zinacho. Isiyo nacho usiichukue hata ukipewa bure, itakula sauti zote za chini ubaki na nyuki. Nikaiweka baada ya kompresa, mkwaruzo robo. Ukiwa karibu unasikia kama uchafu kidogo, unajiuliza hii ni besi au kuna kebo imeachia. Ukiwa hatua 80, uchafu wote umepotea njiani na kilichofika ni besi, imesimama, ina meno.

Mama wa maandazi hakuinua mwiko. Alisahau. Bega lilikuwa linatikisika na andazi moja lilishaungua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wauzaji hawakuelezi, yaani umeme. Pedali nyingi za besi zinataka volti 9, na adapta ambayo hasi iko katikati ya plagi. Ukichomeka ya modemu au ya redio kwa kubahatisha, unaweza kuiaga pedali yako. Tena umeme wa nchi hii unatikisika mara 50 kwa sekunde. Noti ya sol kwenye uzi mnene wa besi ni 49. Umeelewa? Adapta ya bei chee ikianza kuunguruma, mngurumo wake umekaa karibu kabisa na sol, na ovadraivu inauongezea nguvu. Ukipiga wimbo wa sol unakuwa na mpiga besi wa pili asiyejua wapi pa kupumzika. Dawa ni betri ya mraba. Na ukimaliza kupiga chomoa kebo inayoingia kwenye pedali, maana kwa nyingi kebo hiyo ndiyo swichi. Ukiiacha, betri inaliwa usiku kucha wakati wewe unaota.

Mtaniuliza habari ya zile mashine zenye kila kitu ndani yake, kama Zoom B1 Four inayotumia betri nne za kawaida za rimoti. Ninazo habari zake nzuri. Ina tyuna, ina ngoma za kufanyia mazoezi, ina kompresa na mkwaruzo, na kwa kijana anayeanza bei yake inaingia akilini. Mimi tatizo langu ni jukwaa. Jua la saa nane Bassotu linakifuta kile kioo, na kabla hujapata ukurasa unaoutaka, maharusi wameshaingia na keki imekatwa. Vifundo vinne vilivyowekwa alama kwa plasta nyeupe navisoma hata vumbi likiwa limejaa.

Basi Jumamosi moja tukawa na harusi Dongobesh. Kompresa mbele, ovadraivu nyuma, kebo fupi katikati. Wimbo wa kwanza kiongozi aligeuka akaangalia spika, siyo mimi. Wimbo wa tatu mpiga kinanda akainua mkono wa kushoto, akauweka mapajani, akaendelea na wa kulia peke yake. Hakuambiwa na mtu. Usiku kwenye gari tulipogawana mshiko, fungu langu lilikuwa sawa na la wengine, na kiongozi akanipa bila kusema neno, akaanza kumlalamikia dereva kuhusu mashimo.

Habari ya kuuza gitaa sijaisikia tena, ingawa haijafutwa rasmi. Ovadraivu nimeinunua, na kwenye zizi la nyumbani kuna mbuzi wawili waliopungua, baba ameshawahesabu. Kompresa bado ni ya yule jamaa wa vitunguu, ameidai mara mbili na sasa ananitajia bei kwa kuangalia sura yangu inavyobadilika. Jumamosi hii tuko Bassotu. Betri nimeshanunua mbili, moja nimeificha ndani ya soksi kwenye mfuko wa gitaa, kwa sababu fundi mitambo naye ana kipima-umeme kinachotumia betri ya aina hiyo hiyo na mikono yake ni mirefu.