Kuhariri kwa simu ni kuhariri

Vijana wenzangu, sisi tunaotengeneza video hapa kambini tunaambiwa sana neno hili: "Hiyo ya simu si kuhariri." Juzi shirika moja lilitafuta vijana wa kurekodi habari za jamii. Mwenzetu ambaye video zake za maji na usafi zimezunguka kwenye vikundi vyetu vyote vya WhatsApp aliachwa, eti hajui programu za wataalamu. Iliniuma. Nikaanza kusoma hizo programu zimetoka wapi.

Mwaka 2007 Apple walitoa iMovie '08, programu ya watu wa kawaida, wale wa kuunganisha video za harusi na za watoto. Aliyeibuni ni Randy Ubillos, yule yule aliyetengeneza Adobe Premiere ya kwanza. Ndani yake ukipitisha mshale juu ya kipande cha video, picha zinakimbia hapo hapo, bila kubonyeza kitu.

Mwaka 2011 ikaja Final Cut Pro X, hii sasa ya wataalamu, na ule mshale umo! Tena ukitoa kipande, vingine vinasogea vyenyewe kuziba pengo. Wahariri wengi walikasirika, wakaiita "iMovie Pro" kwa dharau. Upande mmoja walikuwa na haki: mwanzoni haikuweza kufungua kazi zao za Final Cut ya zamani, na mteja hangoji. Lakini mapungufu mengi yalirekebishwa baadaye, na ule urahisi ukabaki mpaka leo.

Hata Adobe, mwaka 2019, waliweka kwenye Premiere Pro njia ya kugeuza video iliyolala isimame, ienee kwenye simu. Mabingwa wanatufuata huku tuliko.

Sisemi kompyuta haina maana. Ukipata nafasi, jifunze. Kazi ndefu yenye sauti nyingi inaihitaji. Ila kujua ukate wapi, uache maneno gani, na uso wa nani ufichwe kwa usalama wake, hiyo haitoki kwenye mashine.

Ndugu zetu wa mashirika, mkitutafuta tena, msiulize kwanza tunatumia nini. Tupeni wote picha zilezile za dakika kumi, kila mtu atoe dakika moja. Halafu tazameni kazi.