Dini Mlangoni mwa Serikali

Siku hizi nasikia vijana wa Bunda wakiulizana mgombea anasali wapi kabla hawajauliza habari za maji. Kwetu sisi tuliokua na Uhuru, swali hilo mbele za watu lilikuwa utovu wa adabu. Hata sensa ilituuliza dini mwaka 1967, baadaye ikanyamaza.

Msidhani tulikuwa makafiri. Mwalimu Nyerere, mtoto wa mtemi wa Wazanaki, alibatizwa mwaka 1943 akiwa mtu mzima, na misa haikumpita hadi uzeeni. Mimi Mwislamu wa Musoma sikuona misa yake ikinipunguzia uraia. Uturuki ya Atatürk ilishika njia nyingine ya kutenga dini na serikali: mwaka 1928 Uislamu ukaondolewa kwenye katiba, na kuanzia 1932 hadi 1950 adhana ikasomwa Kituruki. Serikali kumpangia mwadhini maneno! Sasa upepo umegeuka huko. Hagia Sophia, iliyokuwa makumbusho, mwaka 2020 ikarudi kuwa msikiti.

Lakini nasi tusijisifu mno. Mwaka 1968 jumuiya ya Waislamu ya EAMWS ilipigwa marufuku, baraza la Waislamu, BAKWATA, likaundwa, na wapo wa rika langu wanaosema mpaka leo kwamba mkono wa serikali ulifika msikitini. Siwalaumu. Ila mwaka uliofuata ikaja sheria ya elimu, shule za misheni zikawekwa chini ya serikali, na mtoto wa Kiislamu akasoma bila kutakiwa kubadili jina. Anayewapa wajukuu kisa cha kwanza awape na cha pili.

Kuna na jambo ambalo hatukuliandika popote. Baada ya Nyerere Mkatoliki alikuja Mwinyi Mwislamu, kisha Mkapa, kisha Kikwete, kisha Magufuli: zamu kwa zamu. Nchi isiyo na dini, kumbe kimoyomoyo inahesabu dini ya rais! Vijana wanaita unafiki. Mimi naita busara ya watu wanaotaka kulala usingizi.

Tangu Jimbo Katoliki la Musoma lilipoanza mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza Nyerere mtakatifu, naulizwa kama sisi wengine tumenyang'anywa Baba wa Taifa. Hatujanyang'anywa. Kanisa lina haki yake, alikuwa muumini wake. Nitakayembishia ni mwanasiasa atakayesimama Butiama kuomba kura kwa jina la Mtumishi huyo wa Mungu, kama Kanisa linavyomwita Nyerere sasa, awe wa chama changu au cha jirani.