Magunia Matupu ya Desemba

Kwetu Majengo, Mombasa, katika miaka ya 1980, hatukuambiwa shule zimefungwa. Tuliambiwa korosho zimeanza kuanguka. Mama alikuwa ameshapanga nani ashukie Msambweni kwa shangazi, nani aende Nguluku kwa mjomba, na nani afike mpaka Lunga Lunga kwa bibi mzaa mama. Tulivuka feri ya Likoni na mchele, sukari, majani ya chai, na kila mtoto gunia lake tupu.

Gunia hilo ndilo lililotuwezesha kukaa mwezi mzima bila kumlemea mtu. Mgeni hupewa jembe siku ya tatu; sisi hatukungojewa. Alfajiri ya kwanza tuko chini ya mikanju, kabla ya mbuzi na tumbili. Mkanju hautikiswi, maana korosho changa haina uzito wala bei. Unangoja ianguke yenyewe, unaiokota, unainyonga itoke kwenye bibo, kisha unaianika juani siku mbili tatu mpaka ukiitikisa inalia. Maji ya bibo yakidondokea shati jeupe, shati hilo limeshakuwa la shamba. Mafuta ya ganda yalituchuna ngozi ya vidole, nasi tulirudi shule Januari tukionyeshana. Mabibo yaliyobaki wazee waliyajua matumizi yake. Uraka, pombe yake, hatukuruhusiwa hata kuunusa.

Shangazi alitupimia kwa kilo na kutulipa, tena taslimu. Mjomba hakulipa. Alituzungusha shambani akisema, "Mpwa wangu, hii ni yenu," kwa kuwa Wadigo wa zamani walimrithisha mtoto wa dada, si wa kumzaa. Ilikuwa mzaha, sheria za dini zilishabadilisha mengi, ila binamu zetu hawakucheka.

Sijui mwaka hasa mambo yalipoanza kulegea. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa 1988 na wajomba kadhaa wakarudi nyumbani bila mshahara. Katika miaka ya 1990 kiwanda cha korosho cha Kilifi nacho kikafa, bei ikabaki mikononi mwa wachuuzi. Ukungu ulikausha maua, mikanju ilikuwa imezeeka, na mti usiozaa karibu na barabara haukosi mtu wa kuuchoma mkaa. Serikali ilipozuia korosho ghafi kuuzwa nje mwaka 2009, kwa shangazi mikanju iliyosimama ilihesabika kwa vidole.

Ya Nguluku ilihesabiwa kweli. Machimbo ya titani yalipokuja, wenyeji wa Maumba na Nguluku walihamishwa, wengi wakapelekwa Bwiti, na fidia ilipigiwa hesabu mpaka ya miti: mnazi, mwembe, mkanju. Mjomba alitembea nyuma ya wale waliohesabu akitaja nani alipanda upi. Shehena ya kwanza ya madini ilisafirishwa Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Mgodi ule haukufikisha hata nusu ya umri wa mikanju ile.

Kwa muda maembe yaliziba pengo. Tulikuwa watu wazima sasa, tukienda na pikapu ya kukodi na upembo, tukinunua ngowe na boribo za ndugu kuziuza soko la Kongowea. Biashara ilikwenda, lakini mimi sikuipenda. Shangazi angekupa chumba na samaki wa nazi, kisha asubuhi ukae naye mbishane bei ya gunia. Yeye alipunguza kwa haya, nami niliongeza kwa haya, na dereva alitushangaa sote.

Siku hizi, kwa barabara ya Dongo Kundu, hata feri si lazima. Ndugu hufika Msambweni saa nne, huzika au huoza, na alasiri wamesharudi, mashati yao meupe vilevile.

Binamu yangu mmoja huko Bwiti amepanda mikanju ya kubebesha, aina isiyongoja miaka mingi. Ameniomba wanangu Desemba. Nilimwambia asiwalipe, ni watoto wake. Akakataa katakata: atawalipa kwa kilo, kama vijana wa jirani, na magunia waje nayo wenyewe.