Ndoa katika meli: tukubali ao tukatae?

Tangu Goma na Bukavu zilipoanguka katika mikono ya M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, jamaa nyingi za kwetu Kivu zimetawanyika. Wamoja wako Bujumbura, wengine Kampala, wengine mbali zaidi. Vijana wanaendelea kuoana hukohuko, na wazazi wanauliza: ndoa inaweza kufungwa pahali popote? Sisi swali hilo lilitufikia mapema, wakati wa amani kidogo, tena kwa njia ya kuchekesha. Tunalisimulia namna lilivyokuwa.

Ilikuwa siku ya Mungu jioni, mwezi wa tisa wa mwaka 2018. Binti wa yaya yetu marehemu, anayekaa Liège, inchi ya Ubelgiji, alimpigia telefone baba yake mdogo, naye akaweka sauti kubwa ili wote tusikie. Akasema amepata kijana. Tena kijana si mgeni, ni Mkongomani, jamaa yake iko Lubumbashi. Mashangazi wakapiga vigelegele. Kisha binti akaongeza: «Tumewaza tufunge ndoa mu meli.» Vigelegele vikaisha.

Akatueleza. Wao wawili wangepata konji pamoja mwaka uliofuata. Walitaka kupanda moja ya zile meli kubwa za matembezi zinazotoka Barcelona na kuzunguka bahari ya Mediteranea siku saba, watu elfu na elfu ndani, na vyumba, na maduka, na mabwawa ya kuogelea juu ya maji. Kapiteni angewafungisha ndoa baharini, na marafiki kumi wangekuwa mashahidi. Basi.

Kwa desturi ya kwetu Bushi, mtoto aliyefiwa na baba ni sisi tunasimama pahali pa baba: baba wadogo watatu, mashangazi wawili na mama mkubwa. Tukakutana Kadutu kesho yake. Baba mdogo wa kwanza hakutaka hata kukaa. Alisema: «Miye nilionaka ile meli ya Costa Concordia mu televizio.» Ni kweli, meli ile ilipinduka kando ya kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13/1/2012, na watu 32 walikufa. Lakini shangazi akamjibu kwamba hata ziwa letu Kivu linakula watu, na hakuna anayeacha kupanda bato kwenda Goma. (Tulikumbuka neno lake tarehe 3/10/2024, bato Merdi lilipozama mbele ya Goma, karibu na kivuko cha Kituku.) Woga wa maji tukauweka kando.

Wengi wetu tulitumaini kwamba sheria itakataa kwa ajili yetu, ili sisi tusionekane wabaya. Tukamwita kijana wa jamaa aliyesoma sheria. Akatueleza kwamba si kila kapiteni ana uwezo wa kufungisha ndoa, ingawa sinema zinaonyesha hivyo. Inategemea bendera ya meli, kwani meli inafuata sheria ya inchi iliyoandikishwa. Malta, Bahamas na Bermuda zinaruhusu, ila karatasi zote zitumwe mbele. Akatupa mfano wa kampuni ya Cunard, ya Waingereza, iliyobeba bendera ya Uingereza miaka zaidi ya 170. Sheria ya Uingereza haikubali ndoa za baharini. Basi katika mwaka 2011 kampuni ilihamisha meli zake tatu kwenye bendera ya Bermuda, na moja ya sababu ni kwamba ilitaka kufungisha ndoa humo. Tukashangaa. Kumbe watu wanabadilisha bendera kwa ajili ya arusi!

Tukauliza: na sheria ya kwetu? Akafungua Sheria ya Jamaa ya tarehe 1/8/1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, akatusomea fungu la 361: bwana arusi na jamaa yake wanapaswa kupatana na wazazi wa bibi arusi juu ya mali, yaani mahari. Tena sheria hiyohiyo inakubali ndoa ifungwe katika jamaa kisha iandikishwe, ao ifungwe mbele ya leta. Kwa hiyo hata leta inajua kwamba kuna uwanja wa nyumbani. Mama yake binti, ambaye ni Mkatolika wa kweli, yeye alikuwa na neno moja tu: padiri atakuwa wapi? Kwa sheria ya Kanisa, ndoa ya Wakatoliki inafungwa katika kanisa la parokia, na pahali pengine panahitaji ruhusa ya wakubwa wa Kanisa. Hilo tuliliacha kwake na binti yake.

Tulipompigia binti tena, tulikuwa na maneno mengi. Yeye alikuwa na machache. Alituuliza: «Baba wadogo, deni ya arusi ya yaya wangu mulimaliza kulipa lini?»

Tukanyamaza. Arusi ya yaya wake ilikuwa mwaka 2014, Bukavu. Wanaoishi hapa wanajua mambo hayo: komite ya matayarisho, bahasha za michango zinazozungushwa kazini na kanisani, magari ya kukodi, ukumbi, kreti za Primus, waalikwa 400 ambao nusu yao hakuna aliyewajua. Deni ile tuliimaliza mwaka 2016. Na kabla ya sikukuu, siku ya kupokea mali, baba mdogo mmoja alikataa kusimama katika kiti mpaka apewe koti lake, sababu koti lilikuwa limeandikwa kwenye liste. Bibi arusi alilia jikoni. Baba mdogo huyo yuko kati yetu sisi tunaoandika hapa, na ameruhusu tuandike.

Basi binti hakuwa mpumbavu. Alikuwa anakimbia kitu alichokiona kwa macho yake. Na kwenda Ulaya kwetu ilikuwa ndoto: mwanzoni mwa mwaka ule nyumba ya viza za Schengen ya Kinshasa ilikuwa imefungwa kwa ajili ya ugomvi wa serikali mbili, na hata ingekuwa wazi, nani angempandisha koko yetu ndege mpaka Kinshasa?

Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba hatujamuuliza koko.

Koko alikuwa Katana, kilometre nyingi kaskazini ya Bukavu, katika nyumba inayotazama ziwa. Yeye alizaliwa ng'ambo, kisiwani Idjwi, kwa Bahavu, akaolewa Katana miaka michache kabla ya uhuru. Tulidhani mtu wa vijiji atashtuka akisikia habari ya ndoa katika meli. Hakushtuka. Alicheka, akasema: «Hata miye nilikuya mu bwato.»

Akaanza kusimulia. Wengine kati yetu tuna miaka zaidi ya hamsini na hatukuwa tumesikia habari ile. Ng'ombe walivushwa mbele, wamefungwa miguu ndani ya mitumbwi, na mmoja alikaribia kuzamisha watu. Walipofika kwa baba yake, kasiksi ilitolewa, wazee wa pande mbili wakakaa kwenye uwanja na kunywa kwa mirija. Baba yake akasema: huyu ni mtoto wetu, leo tunamtoa. Upande mwingine wakajibu: tumesikia. Wakaulizana mara ya pili, wakajibu tena: tumesikia. Ndipo mashangazi wakamfunika kikwembe, wakamshusha kwenye maji. Wapiga kasia waliimba njia yote, yeye akiinamisha kichwa, akisikia tu maji. Ng'ambo ya pili mama mkwe alimngoja na mkeka. «Mu bwato nilikuwa bibi ya mutu tayari,» alisema. «Bwato ilinibeba tu.»

Kisha akasema jambo lingine, kwa sauti ileile, kama mtu anayeongea juu ya mvua. Mwaka wa tatu mume wake, yaani baba yetu mzee, alianza kumpiga. Usiku mmoja alibeba mtoto, akaomba wavuvi wamvushe. Asubuhi alikuwa kwa baba yake. Wazee hawakumuuliza mengi. Waliita wale waliosema «tumesikia», wa pande zote mbili, wakae kwenye uwanja uleule. Mume alivuka, akatoa mbuzi, akasema kosa lake mbele ya watu, akarudi na mke wake. Hakurudilia tena. Waliishi pamoja zaidi ya miaka arobaini.

Koko akatugeukia: «Ile meli ikishafika, bale batu bataenda wapi?»

Tukajibu: kila mtu kwake.

«Na siku bwana atamupiga, mutoto ataita nani? Bahari?»

Tulirudi Bukavu tukijiona tumeshinda. Jioni tukampigia binti, tukamwambia yote, mtumbwi, wavuvi, mbuzi, na swali la koko mwishoni, tukangoja akubali. Alinyamaza sana. Kisha akasema: «Yaya wangu alibapigia telefone mwaka 2016. Mulikuwa mumesikia, ao hapana?»

Yaya wake, yule wa arusi ya waalikwa 400, aliolewa Uvira. Mwaka 2016 alitupigia akilia. Sisi tuliokula ng'ombe wake, sisi wa koti, tulimwambia: vumilia, ndoa ni vile. Hakuna aliyepanda gari. Kutoka Bukavu mpaka Uvira si ziwa, ni barabara, na barabara ilikuwa wazi.

Hatukuwa na jibu. Shangazi mmoja alitoka nje. Ukweli ni kwamba binti hakuikataa desturi. Aliona kwamba sisi tumeshika maganda yake na kutupa kiini. Kama «tumesikia» yetu ni ya kula na kunywa tu, basi kapiteni wa Malta na marafiki kumi ni afazali, kwani wao hawadai koti.

Mazungumzo yaliendelea wiki tatu. Hatutaki kuyapamba. Baba mdogo mmoja alikasirika na kusema mtoto amekosa heshima. Mpaka leo anasema hivyo. Lakini katika mwezi wa kumi na mbili watu watatu wa kwetu walishuka Uvira. Mume wa yaya alitupokea vizuri, akatoa soda, akasema mambo ya nyumba yake hayatuhusu. Tulimjibu kwamba tulisema «tumesikia» mbele yake, kwa hiyo yanatuhusu. Mambo hayakuisha siku ile. Tulirudi tena mara mbili, na mara moja yaya na watoto wake walikaa kwetu Kadutu miezi minne.

Baada ya safari ile ya kwanza, binti alitupigia yeye mwenyewe. Akasema atakuja. Tukapatana hivi: mali itatolewa Katana kwa koko, yeye mwenyewe akiwepo. Ng'ombe wawili, si sita. Liste ya makoti na mablangeti tukaichana. Watu hawatapita sitini, na bahasha haitazunguka popote. Ndoa ya leta wataifunga kwenye komini ya Liège, na meli wataipanda kwa konji yao, kama mtu yeyote anayetembea.

Mwezi wa saba wa 2019 baba mkubwa na shangazi wa kijana walitoka Lubumbashi kwa ndege mpaka Goma. Kwenye kivuko walinawa mikono na kupimwa joto, kwani wakati ule Ebola ilikuwa Kivu ya Kaskazini. Kisha badala ya kufuata barabara wakashuka ziwa kwa bato, kijana pamoja nao. Kijana alitapika njia yote. Watu wa Lubumbashi hawazoei maji, na hilo lilitusaidia kucheka pamoja kabla hatujaanza kusema juu ya ng'ombe.

Koko alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya mwembe. Alipewa mrija wa kwanza. Akanywa, akamtazama kijana muda mrefu, akamuuliza mara mbili kama anajua njia ya kurudi hapa. Kijana akasema anaijua. Ndipo akatugeukia sisi, siyo wao, akangoja. Tukasema: tumesikia. Hakutosheka. Akangoja tena, tukasema mara ya pili, na yule wa koti alisema kwa sauti kubwa kupita wote.

Mwezi wa tisa wakapanda meli yao. Binti alitutumia foto: wawili wamesimama juu kabisa, nguo nyeupe, na nyuma yao ni maji matupu mpaka mwisho wa macho. Tulimpelekea koko Katana, tukamshikia telefone karibu na jicho lake lililobaki nzuri. Alitazama sana. Akagusa maji yale kwa kidole, akasogeza kidole upande mmoja, akasogeza upande wa pili.

«Na ng'ambo,» akauliza, «iko wapi?»