Pale Ramani Inapokuwa Kijivu

Mimi na mdogo wangu hatugombani kuhusu pesa. Tunagombana kuhusu ramani. Tukicheza Age of Empires II, gemu ya 1999 ambayo hadi leo inafunguka kwenye laptopu zetu za mtumba, yeye hutaka ramani ianze nyeusi tititi. Mimi nataka niione yote: dhahabu iko wapi, kondoo wako wapi, adui anajenga nini.

"Bro, hiyo sasa ni drafti," huniambia.

Kwangu hilo si tusi. Wazee wa drafti pale steji huona kete zote na bado wanachapana vibaya. Ramani ikiwa wazi unapigwa kwa hesabu, si kwa kuviziwa. Ukiona adui anajenga mazizi ya farasi, unaandaa watu wa mikuki mapema na roho inatulia. Nikicheza na kompyuta peke yangu naandika tu "marco" halafu "polo", yale maneno mawili ya wizi. La kwanza linafuta weusi, la pili linaondoa ukungu.

Ubishi huu haukuanza na sisi. Mwaka 1824 afisa mmoja wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa Kriegsspiel, mchezo wa vita wa mezani wenye refa. Refa alijua vikosi vyote vilipo, lakini kwenye ramani aliweka vile tu ambavyo vingeweza kuonekana. Siku hizi kompyuta ndiyo refa. Haichoki, na huwezi kuinunulia chai.

Lakini weusi wenyewe haunisumbui sana. Mahali peusi unajua kwamba hujui. Kinachonimaliza ni kijivu. Mpanda farasi wako akishapita mahali na kuondoka, panabaki kijivu: unaona ardhi, unaona majengo ya adui jinsi yalivyokuwa mara ya mwisho. Huenda ameongeza ngome tatu, huenda kambi yote imebomolewa. Wewe bado unaangalia ile picha ya zamani ukidhani ni habari.

Mama aliishi kwenye kijivu changu zaidi ya nusu mwaka. Mara ya mwisho kuniona ilikuwa Januari, napanda basi na sanduku, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Februari nikaacha chuo. Nikahamia keja Githurai, nikawa naandikia watu wa mbali makala kuhusu mashine za kukata nyasi ambazo sijawahi kuzigusa. Akipiga simu kuuliza masomo, nasema yako sawa. Mei akatuma karo. Sikuirudisha. Nililipa nyumba.

Agosti mdogo wangu akaja na unga na mahindi ya kuchoma. Nani alimtuma, sikuuliza. Aliangalia ukuta, akaangalia meza: hakuna daftari hata moja. Hakusema kitu. Akatoa laptopu yake, tukacheza ramani nyeusi kwa heshima ya mgeni, na hata saa moja haikuisha kabla hajanimaliza. Farasi wangu wote walikuta mikuki inawangoja.

"Ulijuaje nakuja na farasi?"

"Farasi sikujua, nilibahatisha. Lakini ulinyamaza sana. Dakika ishirini hujarusha hata mshale mmoja? Mtu akinyamaza hivyo kuna kitu anapika."

Kisha, macho yakiwa bado kwenye skrini: "Mama akiniuliza, mimi simdanganyi."

Nilimpigia Mama kesho yake asubuhi, nimesimama kando ya tangi la maji ambapo netiweki hushika vizuri. Nikasema yote, hata ya karo. Nilijiandaa kwa kilio.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Wewe wa kulalamika kila mtihani. Tangu Januari hujalalamika hata mara moja."

Halafu akataja ile karo, hesabu kamili, mpaka mia ya mwisho, akauliza nitaanza kuirudisha lini.

Namtumia elfu mbili kila mwezi kwa M-Pesa. Ananijibu kwa neno moja: imefika. Jumamosi tukicheza na mdogo wangu kwa intaneti, ramani sasa huanza nyeusi. Bado sipendi. Wiki jana kondoo wangu wawili waliibwa kabla sijajua walikuwa wapi.