Safari ya Kuona Nyama

Katika Kiswahili chetu cha Uvira, safari ni safari tu: kwenda Baraka kununua samaki, kwenda Bukavu kufuata karatasi, kwenda Fizi kwenye kilio. Wageni ndio walilichukua neno letu wakalipunguza, likabaki ni kwenda kuangalia nyama. Na nyama kwetu ni wa porini, ni ya sufuriani vilevile. Ndiyo sababu mwaka 2010, nilipowaambia wanafunzi wangu wa darasa la tatu la sekondari kwamba mwisho wa mwaka tutafanya safari ya kuona nyama, mmoja aliuliza kutoka nyuma: «Mwalimu, tunaenda kuwaangalia ao kuwakula?» Darasa zima likacheka. Mimi pia.

Nilitaka waone gorila wa Kahuzi-Biega, parki iliyoundwa mwaka 1970. Nikapanga kama mwalimu anavyopanga somo, yaani ubaoni: Kiliba, Sange, Luvungi, Kamanyola, kupanda Ngomo, Bukavu, kisha kama kilomita 30 hadi Tshivanga. Halafu masharti ya parki yakaanza kunipunguzia darasa. Watu 8 tu mbele ya familia moja ya gorila, saa moja basi. Aliye chini ya miaka 15 haingii. Mwenye mafua haruhusiwi, maana anaweza kuwaambukiza. Wanafunzi wangu walikuwa 42, na zaidi ya nusu walikuwa hawajatimiza 15. Nikasema hao watabaki langoni, angalau waone msitu. Sikuwaficha ukweli: tembo wa sehemu ya milimani waliisha wakati wa vita, na gorila wa huko, waliokuwa karibu 250 kabla ya vita, mwaka 2000 walihesabiwa kama 130.

Babu yangu mzaa mama, aliyekuwa mwindaji upande wa Itombwe, angekasirika kuuona ule ubao. Yeye hakutaja siku ya kutoka, hata kwa mke wake. Alisema «natembea kidogo», usiku ule akalala peke yake, akaondoka kabla ya jogoo kuwika. Nilipokuwa kijana niliona ni ushirikina. Sasa naona ilikuwa pia namna ya kumheshimu mnyama, kwani nani aliwahi kupewa miadi na mnyama?

Wazazi wakaanza kutoa makuta, kidogo kidogo. Mama mmoja tu alikataa, mjane mwenye shamba karibu na ziwa, upande wa Kavimvira. Bwana yake aliuawa na kiboko alfajiri moja akienda kwenye nyavu zake. Alinifuata shuleni, akasema bila kupandisha sauti: «Mwalimu, unataka mutoto alipe makuta juu ya kuona nyama? Ile yenye iliua baba yake inapita karibu na mulango yetu kila usiku, bure.»

Sikuwa na jibu. Nikamwandika mtoto kwenye orodha ya wasiolipa, nikafikiri nimesaidia. Kumbe hakuwa amelalamikia bei.

Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta likapinduka Sange, kwenye barabara ile ile niliyoichora, na moto ukaua watu zaidi ya 200. Tulikaa kilioni siku nyingi. Hakuna aliyeuliza tena habari za Kahuzi. Nikarudisha makuta.

Mwezi wa Septemba nilikwenda kwa yule mama, safari hii kuomba, siyo kueleza. Alikubali tuje watu 12, saa tisa ya mchana, na tuondoke kabla jua halijaingia, maana kiboko hutoka majini usiku kutafuta majani. Alitutembeza kwenye njia yao. Akaonyesha nyasi zilizolala, mavi yaliyotapanywa kwa mkia juu ya vichaka, na mahali pa kukimbilia. Akasema na kurudia: usisimame kati yake na maji. Jina la kiboko hakulitaja hata mara moja. Alisema «yeye» tu. Yule kijana wa swali la kula alikuwa akiandika kila neno.

Karibu na ukingo, mtoto wake aliingiza mguu ndani ya alama moja ya unyayo iliyojaa maji. Mama akamwambia: «Toka mu ile.» Akatoka. Ilikuwa saa kumi na moja, tukarudi.