MAHARI AU MAHALI? SIMU IKASIKIA YAKE!

Hivi wewe ukitaka kumwandikia mpenzi wako, unamwita nani aje akuandikie? Hakuna! Unabonyeza mwenyewe, unatuma, mambo yenu mnajua wawili.

Basi binamu yangu wa Kurui, kule Kisarawe, hakuwa na bahati hiyo. Tangu alipoanguka toka juu ya mnazi vidole vyake havishiki kitu. Kila ujumbe ilibidi amwite dogo wa nyumba ya pili. Usiku anaandikiwa, asubuhi kijiwe kizima kinayo! Jamani, mlemavu hahitaji ugali na pole tu. Siri nayo ni haki yake.

Dawa ilikuwepo siku nyingi, ila haikujua lugha yetu. Mwaka 1997 kampuni ya Dragon ya Marekani ilitoa NaturallySpeaking, programu ya kompyuta ambayo unaongea kwa mwendo wako wa kawaida, yenyewe inaandika. Kiingereza hicho, bwana! Kiswahili kilingoja hadi Agosti 2017, Google ilipokiingiza kwenye huduma yake ya kuandika kwa sauti, cha Kenya kivyake na cha Tanzania kivyake.

Binamu naye sasa anayo programu ya namna hiyo, jina lake tuliache kapuni. Anagusa alama ya maikrofoni kwa kifundo cha kidole, anaongea, maneno yanajipanga. Dogo kazi kwisha!

Lakini watu wa kwetu wengi "r" huitamka "l". Siku moja akamtumia mchumba habari njema: nimepata mahari. Simu ikaandika "nimepata mahali". Mahali wapi? Kwa nani? Bibiye alinuna wiki nzima, uchumba nusura uote mbawa.

Msicheke sana. Mashine haina masikio, inajifunza kwa sauti za watu zilizorekodiwa. Zikijaa sauti za mjini na za watangazaji, mtu wa Kurui anabahatishwa tu. Kwako wewe hiyo ni kero, unafuta kwa kidole unaandika upya. Asiye na vidole atafuta na nini?

Tiba iko mikononi mwetu sisi wenye mikono. Mozilla wana mradi wa Common Voice, ambao mwaka 2021 ulipata dola milioni 3.4, Kiswahili kikiwa mbele. Unaingia kwenye tovuti yao, unasoma sentensi kwa sauti, wengine wanasikiliza na kuhakiki. Bure kabisa.

Kwa hiyo washikaji, bando mnalomalizia kwenye umbeya, kateni kidogo msome sentensi kumi. Na ukienda kijijini sikukuu, bibi naye mkalishe karibu na simu, msomee kwa kunong'ona lakini yeye aseme kwa sauti, tena kwa lafudhi yake hiyo hiyo. Usimsahihishe!